Asilimia Nne Si Kitu?

Mjukuu wangu mmoja amepata kazi ya kuhamisha filamu za kale kutoka kwenye mikanda na kuzitia katika kompyuta. Ni kazi ya heshima, nami nilipomtembelea nilikaa nyuma yake karibu nusu siku nikimtazama. Katika mkanda mmoja kulikuwa na mazishi ya zama za ukoloni. Waombolezaji walikuwa wamebeba jeneza na wanakimbia nalo, magoti juu, kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Kijana akacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikaona haya. Wale walikuwa wazee wa watu, wamo katika siku yao ya msiba, nasi tunawacheka kwa kosa lisilo lao.

Nikamwambia apunguze mwendo. Akapunguza, akikadiria kwa jicho, mpaka watu wakatembea kama watu. Nikamwuliza amejuaje kwamba hapo ndipo. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Babu, jicho linatosha. Nikikosea asilimia tatu au nne, nani atajua? Asilimia nne si kitu."

Sikumjibu palepale, maana mzee akijibu kwa hasira huharibu hoja yake mwenyewe. Namjibu hapa, yeye pamoja na wenzake wote wenye imani hiyo, wakiwemo walimu wenzangu ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Nasema asilimia nne ni kitu. Nimewahi kuiona ikimtoa mtu kazini, na mkono uliotia sahihi ulikuwa wangu.

Lakini kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe, kwa kuwa si kila msomaji amewahi kushika kamera ya sinema. Filamu ni mfululizo wa picha zilizotulia. Kamera hupiga picha moja, huusogeza mkanda, hupiga nyingine, na kazi hiyo yote huendeshwa na mota au na springi ya kujaza kwa mkono kama saa. Baadaye projekta hufanya safari ile ile kwenye kitambaa cheupe. Kama kamera ilipiga picha 24 kwa sekunde na projekta ikaonyesha 24 kwa sekunde, mtu aliyetembea ataonekana anatembea. Kamera ikipiga chache na projekta ikaonyesha nyingi, mtembeaji atakimbia. Mazishi yaliyopigwa kwa picha 16 kwa sekunde na kuonyeshwa kwa 25 humaliza dakika zao 10 katika dakika 6 na sekunde 24. Siri ya kichekesho ni hiyo tu. Wazee wetu hawakuwa na haraka.

Zamani za sinema bubu mwendo wa mkanda ulitegemea mkono wa mpiga picha, na mkono wa mwonyeshaji haukulazimika kufanana nao. Watazamaji walivumilia. Ilipoingia sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, uvumilivu huo ukafa, kwa sababu sikio ni hakimu mkali kuliko jicho. Hapo ndipo picha 24 kwa sekunde zikawa kanuni ya dunia nzima. Tangu siku hiyo, mwendo wa mota ya kamera ukawa ahadi, na ahadi hupimwa.

Mwenye kupinga ana hoja nzuri, nami sitaificha. Atasema: kwa miaka mingi televisheni za Ulaya, ambako umeme ni wa hezi 50, zilionyesha sinema za picha 24 kwa mwendo wa picha 25 kila sekunde. Sinema ya saa mbili ilikwisha katika saa moja na dakika 55 na sekunde kama 12. Hiyo ni asilimia nne kamili, na mamilioni ya watu walikula chakula chao cha jioni mbele yake bila kunung'unika. Ni kweli. Lakini jiulize kwa nini hawakunung'unika. Ni kwa sababu picha na sauti zilikimbia pamoja, zimefungwa kamba moja. Kosa lililogawanywa sawasawa halimdhuru mtu. Balaa huja pale picha inapokimbia na sauti ikabaki, kisha watu wakaanza kutafuta nani wa kulaumiwa.

Sasa niruhusu, msomaji wangu, nikupeleke kwenye chuo cha ualimu nilikokuwa mkufunzi wa fizikia na Makamu wa Mkuu wa Chuo, mwaka 1983. Chuo sitakitaja. Waliomo sasa hawana hatia, na wa wakati ule wengi wetu tumeshaonja malipo yetu.

Tulikuwa na kamera ya milimita 16 yenye mota ya betri, tuliyopewa kwa ajili ya kurekodi wanachuo wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kamera haikurekodi sauti. Sauti ilichukuliwa pembeni na tepurekoda ya betri sita, na vyombo hivyo viwili havikuwa na uhusiano wowote ila kupiga makofi mara moja mwanzoni ili baadaye tujue pa kuanzia. Kila kimoja kiliaminiwa kushika mwendo wake. Mabwana wa sinema kubwa walikuwa wameshalimaliza tatizo hilo zamani. Kamera zao zilipeleka kwenye tepu ishara ya marudio maalumu iliyoandika mwendo wa mota sambamba na sauti, na baadaye mota zenyewe zikaongozwa na fuwele ya kwatsi, kama zile saa zilizoandikwa Quartz usoni. Sisi hatukuwa na hayo. Tulikuwa na skrubu.

Mota ilikuwa imefunguliwa na kusafishwa, na skrubu ya kurekebisha mwendo ilikuwa imesogea. Ilibidi ipangwe upya. Kazi hiyo niliichukua mwenyewe, kwa majivuno ya kijana wa miaka thelathini na minne mwenye shahada. Nilikata duara la kadi, nikachora juu yake mistari 25 myeusi kwa nafasi sawa, nikalifunga kwenye ekseli ya kamera inayozunguka mara moja kwa kila picha. Kisha nikaliweka chini ya taa ya tyubu.

Hesabu yake ni tamu. Taa ya tyubu kwenye umeme wa hezi 50 humetameta mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Duara likizunguka mara 24 kwa sekunde, mistari 600 hupita mbele ya jicho kila sekunde, yaani mistari sita kamili kwa kila mmeto wa taa. Kila taa inapowaka, mstari mmoja umekaa pale pale ulipokuwa mwingine. Basi jicho huona duara limesimama. Mota ikienda polepole mno, mistari huonekana inarudi nyuma. Ikizidi, huonekana inasonga mbele. Nikageuza skrubu kidogo kidogo mpaka mistari ikasimama kama imechorwa ukutani. Nikawaita wakufunzi wenzangu waje waone. Wakasifu. Mkuu wa Chuo akasifu.

Mtu mmoja tu hakusifu. Alikuwa fundi wetu wa maabara na vifaa, mtu mzima kuliko mimi kwa miaka kama ishirini, aliyesoma mpaka darasa la nane la zamani na kujifunza mengine kwa kufungua redio mbovu. Alikuwa amenishikia waya. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huu umeme wa jenereta si mzima. Saa ya ukutani ofisini kwenu huchelewa kila tukiwasha. Asubuhi mimi huirudisha kwa redio, karibu dakika kumi."

Ilikuwa usiku. Umeme wa mjini ulikuwa umekatika kama kawaida ya siku zile, na tulikuwa tunatumia jenereta letu la dizeli, ambalo liliendeshwa kuanzia saa moja jioni mpaka saa tano usiku. Nilimjibu kwamba saa ile ni kuukuu. Nakumbuka maneno yangu. Nikasema, "Mzee, saa ni mbovu, hii ni fizikia."

Tukapiga filamu. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alifundisha somo la hesabu mbele ya darasa la tatu, mkanda mmoja wa futi 400 bila kukatiza, dakika kumi na moja na ushei. Mkanda ukapelekwa nje ya nchi kusafishwa, ukarudi baada ya wiki nyingi. Usiku ule tulipoupokea tukauonyesha ukumbini kwetu. Midomo na maneno vilikwenda pamoja tangu makofi ya mwanzo hadi mwisho. Chuo kizima kilipiga vigelegele.

Mwezi uliofuata tukaupeleka makao makuu ya mkoa kuwaonyesha wageni. Ukumbi ulikuwa na umeme mzuri wa mjini. Dakika moja haijapita, midomo ya mwalimu ikaanza kuyatangulia maneno yake. Ilipofika dakika ya tano, anafuta ubao wakati sauti bado inaeleza hesabu iliyofutwa. Mwishoni watoto walisimama, wakampigia mwalimu makofi, wakatoka, na sauti ikabaki inafundisha darasa tupu kwa karibu nusu dakika. Wageni walianza kwa kukohoa, wakamalizia kwa kucheka waziwazi. Yule binti mwanachuo aliinamisha kichwa. Fundi wetu alikuwa amesimama kando ya tepurekoda, na macho ya ukumbi mzima yakamgeukia yeye.

Hapo msomaji kijana anahitaji kuambiwa mwaka 1983 ulikuwa mwaka gani Tanzania. Bidhaa zilikuwa haba: sabuni, sukari, na betri za tochi vilevile. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na neno mlanguzi lilikuwa zito kinywani. Sauti iliyobaki nyuma ya picha ilikuwa na maelezo mepesi, tena yaliyo tayari: tepurekoda imekwenda polepole kwa sababu betri zimekufa. Betri zimekufa kwa sababu mpya zilizotolewa stoo zimeuzwa, na mbovu zikawekwa mahali pake. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Maelezo yalikuwa yanaingia vizuri mno kwenye tundu lililokuwepo.

Kamati ya nidhamu ilikaa. Mimi nilikuwa katibu. Fundi aliziweka betri sita mezani, akasema, "Ndizo hizi, zipimeni." Kipimo cha volti kilikuwa maabara, hatua ishirini kutoka pale tulipokaa. Hakuna aliyeinuka. Akarudia habari ya saa ya ukutani, na mjumbe mmoja akamwambia aache kuchanganya mambo ya saa na mambo ya sinema. Alikuwa mtumishi wa mkataba. Mkataba wake haukuendelezwa, na katika jalada lake ikawekwa barua iliyosema ameshindwa kutunza mali ya umma. Barua hiyo niliiandika mimi.

Miezi kadhaa baadaye, mchana wa umeme wa mjini, nililifunga tena lile duara la mistari 25 ili niwaonyeshe wanachuo. Niliwasha mota. Mistari haikusimama. Ilirudi nyuma kwa haraka, bila haya, mbele ya darasa zima. Skrubu hakuna aliyeigusa.

Nilifunga maabara nikakaa peke yangu. Nikatoa lenzi ya kamera, nikafungua mlango wake wa nyuma, nikaelekeza mwanga wa tochi upite katika tundu la picha hadi kwenye fotoseli. Shata ya kamera, lile bapa linalozunguka kukinga na kuachia mwanga, hufungua mara moja kwa kila picha. Kwa hiyo fotoseli ilitoa mshindo mmoja wa umeme kwa kila picha, na kuhesabu mishindo hiyo kwa sekunde ndiko kupima marudio ya ishara, au frikwensi kama wengine wanavyoiita. Nikaipeleka ishara kwenye kaunta ya maabara. Kaunta ikaandika 23. Tena 23. Mara moja ikaandika 24.

Angalia mtego ulivyo, maana hapa ndipo wengi huanguka. Kaunta iliyowekwa kuhesabu kwa sekunde moja hujua namba nzima tu. Mshindo mmoja ukiponyoka mlangoni, umepoteza mmoja katika 24, na hiyo ni zaidi ya asilimia nne. Ukubwa wa kosa la kipimo ni sawa na ukubwa wa kosa unalolitafuta! Mtu mwenye haraka angeiona ile 24 ya bahati, akafunga kamera na kwenda kula. Ishara ya marudio machache haipimwi hivyo. Ama uhesabu kwa sekunde 100 kisha ugawe, ama ugeuze swali: badala ya kuuliza ni mishindo mingapi katika sekunde, uliza ni muda gani kati ya mshindo mmoja na unaofuata. Kwa picha 24, muda huo ni elfu-sekunde 41.67. Kaunta yangu ikaandika 43.4. Gawa moja kwa hiyo, utapata picha 23.04 kwa sekunde.

Usiku, jenereta lilipowashwa, nikaupima umeme wake kwa kupitia transfoma ndogo ya kushusha volti. Haukuwa hezi 50. Ulikuwa hezi 48. Injini iliyopaswa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika ilikuwa inazunguka mara 1,440, na pengine ilikuwa hivyo kwa miaka. Sasa rudi kwenye lile duara langu: taa iliyometameta mara 96 badala ya 100 itaisimamisha mistari 25 kwenye mizunguko 23.04 hasa. Taa ilisema uongo, duara likaurudia kwa uaminifu, nami nikaupiga mhuri.

Na kwa nini filamu ilikwenda sawa ukumbini kwetu? Kwa sababu mota ya projekta ilifuata umeme wa ukutani, nao usiku ule ulikuwa umeme uleule wa hezi 48. Kamera ilichelewa, projekta ikachelewa vilevile, na tepurekoda ya betri ikaenda mwendo wake wa haki. Makosa mawili yakakumbatiana nyumbani yakaonekana ni ukweli mmoja. Tulipofika kwenye umeme wa hezi 50, projekta ikanyooka, na picha ikaikimbia sauti sekunde 2.4 kwa kila dakika. Kwa mkanda wa futi 400, ni sekunde 28. Ndiyo ile nusu dakika ya darasa tupu.

Na ile saa ya ukutani? Ilikuwa ya umeme, inayohesabu mawimbi ya umeme wenyewe. Kwenye hezi 48 hupoteza dakika 2 na sekunde 24 kila saa. Jenereta likiwashwa saa nne, ni dakika 9 na sekunde 36. "Karibu dakika kumi," alisema fundi. Kila asubuhi alikuwa anapima marudio ya jenereta letu kwa mlio wa saa wa redio na kidole cha kusogezea mshale, kwa usahihi ambao mimi mwenye kaunta niliupata baada ya miezi. Alikuwa na kipimo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsikiliza.

Basi hiki ndicho ninachogombana nacho. Sigombani na mtu asiyepima kabisa. Huyo akikadiria kwa jicho, angalau moyoni anajua amekadiria. Nagombana na mtu aliyepima nusu: aliyeipima kamera kwa taa, asiipime taa. Kipimo cha nusu ni hatari kuliko kukadiria, kwa sababu kinampa mtu sauti ya hukumu. Mimi bila duara lile nisingethubutu kumwambia mzee wa watu kwamba saa yake ni mbovu.

Nagombana pia na tabia ya kumweka mtu kwenye mizani kabla ya chombo. Hatukuianza sisi. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na jaribio la sinema ya elimu pale Vugiri, katika milima ya Usambara, likiongozwa na Waingereza Notcutt na Latham. Picha zao zilikuwa kwenye mkanda wa milimita 16 na sauti kwenye santuri, vitu viwili tofauti vilivyotakiwa kwenda pamoja, kama vyetu. Waliokuja baada yao, hasa William Sellers wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, walishikilia kwamba Mwafrika anahitaji filamu za polepole na nyepesi, kwa kuwa jicho lake halijazoea. Chombo kiliaminiwa, na kilichotiwa mizanini kikawa akili ya mtazamaji. Tulisoma vitabuni juu ya dharau hiyo, tukaikemea madarasani, kisha mimi nikamfanyia fundi wangu jambo hilohilo kwa mkono wangu mweusi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya fundi wetu ilikuwa ndogo na ya bei nafuu: betri sita, kipimo cha volti, dakika mbili.

Nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta kwao, anatengeneza redio barazani. Nikamweleza yote, pamoja na hizo hezi 48. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza nikaletewa chai. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ile barua bado imo?"

Barua ilikuwa bado imo. Nilimweleza Mkuu wa Chuo wa wakati ule, naye akasema jalada limeshafungwa na jambo limepoa. Nami nikakubali upesi kuliko ilivyostahili, kwa kuwa kulifungua jalada kulikuwa ni kujifungua mwenyewe. Ilinichukua miaka mitano, mpaka nilipokabidhiwa chuo na kukaa kwenye kiti kile, ndipo nikaandika barua ya pili, nikaeleza kosa lilikuwa la nani, nikaiweka juu ya ile ya kwanza na nakala nikampelekea. Miaka mitano ni mingi kwa mtu ambaye kila anapoomba kazi huulizwa aliachaje ya kwanza.

Naam, mjukuu wangu atasema vyombo vya siku hizi vina kwatsi ndani, vinajirekebisha vyenyewe, na hakuna jenereta la kuvidanganya. Nakubali kuhusu chombo chake. Lakini kompyuta yake haikuwepo siku mkanda ule ulipopigwa. Inajua kwa uhakika inaonyesha kwa mwendo gani, na haijui hata kidogo mpiga picha alizungusha kwa mwendo gani. Uhakika wa upande mmoja haufuti ujinga wa upande wa pili. Ushahidi wa mwendo umo mlemle ndani ya picha, akiutafuta: mshale wa sekunde wa saa iliyoonekana ukutani, kitu kilichoanguka kutoka kimo kinachojulikana, ngoma ambayo sauti yake imehifadhiwa kwingine. Ahesabu picha kati ya tukio na tukio, agawe. Ni hesabu ya darasa la tano.

Kwa hiyo nimemtaka aandike mambo matatu nje ya kila kasha: mwendo alioutumia, alichopimia, na nani alikipima hicho alichopimia. Na pale asipoweza, asione haya. Aandike neno moja, "Haikupimwa," ili atakayekuja asimcheke marehemu wala asimhukumu aliye hai. Neno hilo, kama mimi ningekuwa na ujasiri wa kuliandika kwenye kumbukumbu za kamati mwaka 1983, lingetosha kumwacha fundi wetu kazini.